Itarsi 2015: moto wa chumba kimoja uliofunga njia panda ya India

Wakuu kuna kisa kimoja cha reli huwa nakirudia sana kichwani, na kila nikimsimulia mtu swali la kwanza ni "walikufa wangapi", nikimjibu kwamba hiki sio kisa cha treni kugongana basi hamu inamwisha hapo hapo. Leo nakiandika chote mpaka mwisho, maana kwangu mimi uzuri wake uko hapo hapo kwenye kutogongana.

Ni asubuhi ya Jumatano, 17 Juni 2015. Stesheni inaitwa Itarsi, jimbo la Madhya Pradesh, katikati kabisa ya India. Moto unawaka, na hauwaki kwenye behewa wala platfomu wala jengo la abiria, unawaka kwenye chumba cha mitambo ya kuongozea treni, kile chumba ambacho abiria wa kawaida anaweza kupita pembeni yake maisha yake yote asijue kipo. Habari za mwanzo zilitaja shoti ya umeme. Moto unakuja kuzimwa mitambo imeshakwisha, waya zimeyeyukiana, na kuanzia asubuhi hiyo mpaka 22 Julai, yaani siku 35, moja ya njia panda kubwa za reli India ikawa inaendeshwa kwa bendera, kufuli na karatasi.

Sasa kwanini chumba kimoja kiwe na maana hivyo. Chukua ramani ya India, piga mstari kutoka Delhi kwenda Chennai, kisha piga mwingine kutoka Mumbai kwenda Kolkata kwa njia ya Jabalpur. Inapokatana mistari hiyo miwili ndo Itarsi. Kwa sisi wa huku mfano wa karibu ni Tabora, treni inatoka Dar inafika pale, nyingine inaelekea Kigoma nyingine Mwanza, na kila mtu wa reli anajua Tabora ikikohoa bara yote inaumwa. Itarsi ni Tabora yenye mikono minne na yenye treni kama mia mbili kwa siku, za abiria na za mizigo. Kaskazini kuna Bhopal kilomita 92, kusini Nagpur karibu kilomita 300, mashariki Jabalpur, magharibi Khandwa na kuendelea Mumbai. Treni kama Grand Trunk Express na Tamil Nadu Express zinazotoka Delhi kwenda Chennai zinapita hapo, na Mtanzania au Mkenya anayesoma Delhi akaamua kwenda kumuona mgonjwa wake aliyelazwa Vellore, kule kusini, kwa treni, atapita Itarsi apende asipende, labda akiwa amelala.

Mji wenyewe sio mkubwa kihivyo. Wenyeji wana masimulizi kwamba jina limetoka kwenye maneno mawili, tofali na kamba, ndo vitu vilivyokuwa vikitengenezwa pale zamani. Reli ndo iliyoufanya mji. Njia ya Mumbai kwenda Howrah (stesheni ya upande wa Kolkata) kupitia Jabalpur ilikamilika 1870, ile ya kutoka Bhopal ikaja kuungwa miaka ya 1880, na ya kushuka Nagpur ikamalizika miaka ya 1920. Hakuna aliyekaa siku moja akapanga kwamba roho ya reli za nchi iwekwe Itarsi, ilijikuta tu, kila kizazi kikaja na reli yake kikaifunga kwenye fundo lile lile. Na milima nayo ilichangia, Vindhya iko kaskazini, Satpura kusini, katikati bonde la mto Narmada, kwahiyo treni zinashuka zinaingia bondeni halafu zinapanda tena, na hakuna sehemu nyingi za kupenya.

Haya tuingie kwenye chumba.

Pale stesheni kubwa reli hazinyooki tu, zinachanika na kuungana kwa pointi, zile ndimi za chuma zinazosogea kuipeleka treni kushoto au kulia. Yadi kama Itarsi ina pointi nyingi, taa nyingi, na njia za kuingia na kutoka zinazokatiza vibaya sana. Ukimpa dereva mmoja taa ya kijani kuelekea platfomu fulani, lazima uhakikishe pointi zote kwenye njia yake zimekaa sawa na zimefungwa, hakuna treni nyingine iliyosimama mbele yake, na hakuna dereva mwingine mwenye kijani inayomkatiza. Binadamu akifanya hiyo hesabu mara mia mbili kwa siku, siku moja atakosea. Kwahiyo hesabu ikapewa rilei.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, basi, hakuna uchawi. Umeme ukipita kwenye koili inavuta, ukikatika inaachia. Lakini ukiziunganisha maelfu kwa waya unapata kitu kinachofikiri kwa namna yake. Mtu wa paneli, yaani ile meza ya vitufe ya kuongozea yadi, anabonyeza vitufe viwili, kimoja cha mwanzo wa njia kingine cha mwisho, na rilei zinaulizana zenyewe kwa zenyewe: reli iko wazi? pointi imefika? imefungwa? kuna njia nyingine inayogombana na hii? Zote zikiitikia ndio, kijani inawaka. Moja tu ikinyamaza, hakuna kijani. Na reli yenyewe inatoa taarifa, maana kila kipande kinapitishiwa umeme mdogo, treni ikikanyaga magurudumu na ekseli zinaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, umeme unapita mkato, rilei ya kipande hicho inakosa umeme inaachia, na mtambo unajua hapa kuna treni.

Ona hapo kitu kimoja ambacho ndo kiini cha kisa hiki chote. Rilei inaposema "hapa ni salama" inabidi ishikiliwe juu na umeme. Ikiachwa peke yake inadondoka kwa uzito wake. Waya ukikatwa na panya inadondoka, fyuzi ikiungua inadondoka, mwizi akiiba kebo ya kopa inadondoka. Na ikidondoka jibu lake ni moja tu, simama. Walioibuni hawakuwa wanamwamini mtu yeyote wala kitu chochote, hata mtambo wao wenyewe, ndo maana wakaufunga kwa namna kwamba ukifa, ufe ukiwa nyekundu.

Kwahiyo moto ulipokula kile chumba yadi ikafa ikiwa nyekundu. Hapakuwa na treni iliyopewa kijani ya uongo, hakuna pointi iliyosogea yenyewe chini ya magurudumu. Moto mkubwa unaunguza akili ya stesheni nzima na matokeo yake ni ukimya. Mimi huwa nashangaa watu wanavyolisoma hili kama aibu ya reli za India wakati kwa upande wa usalama hapo ndipo mfumo ulipofanya kazi yake kuliko siku nyingine zote, sema kazi yenyewe ilikuwa ni kukataa.

Tatizo linakuja dakika inayofuata. Treni zimesimama, abiria wamo ndani, Juni ya India ya kati unaijua ni jasho na mvua za masika yao zinakaribia, na lazima zipitishwe. Unazipitishaje?

Kwa mkono. Na hapa naomba uvumilie kidogo maana watu wengi wakisikia "kwa mkono" wanafikiri ni mtu kupunga bendera tu. Stesheni masta anataka kuingiza treni moja. Anatuma mtu wa pointi atembee mpaka kwenye pointi ya kwanza, mota haifanyi kazi, kwahiyo anaizungusha kwa hendeli mpaka ulimi wa reli ukae, anaukagua kwa macho kama umegusa vizuri, anaubana kwa klampu na kupiga kufuli. Anaenda ya pili. Anaenda ya tatu. Akimaliza anatoa taarifa, na taarifa haiwi maneno matupu, kuna namba za siri kwenye karatasi, kila namba inatumika mara moja inakatwa, ndo uthibitisho kwamba kweli fulani alisema kweli saa fulani. Stesheni masta anaandika. Halafu anajaza fomu ya ruhusa ya kupita taa nyekundu, wenyewe wanaijua kwa namba, T/369, fomu inapelekwa mpaka mkononi kwa dereva maana bila hiyo karatasi dereva mwenye akili zake hagusi kitu. Dereva anasaini, anasogea mwendo wa kunyata, kule mbele kuna mtu anamuonyesha bendera ya kijani, usiku taa ya mkononi. Treni ikishapita, kufuli zinafunguliwa, na unaanza upya kwa treni nyingine kwenye njia nyingine.

Piga hesabu ya kijinga tu, yangu mwenyewe. Chukua dakika 15 kwa treni moja, na hapo nimewaonea huruma. Saa 24 zinakupa treni 96. Hata ukiwa na watu wa kutosha kufanya upande wa kaskazini na wa kusini kwa wakati mmoja, zinakatizana pale pale katikati. Na foleni ya reli sio kama ya Ubungo zamani ambapo bodaboda inapenya pembeni, ikisimama treni moja Itarsi ile ya nyuma inasimama stesheni ya nyuma yake, na ya nyuma yake tena, mpaka unakuta treni imekwama mbali huko kwa sababu ya kufuli ambayo dereva wake wala haioni.

Kwahiyo wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya, wakapunguza treni. Nyingi zikafutwa, nyingine zikazungushwa, na orodha ya zilizofutwa ikawa inatangazwa upya kila baada ya siku chache.

Kwa abiria ule ulikuwa wakati mbaya kupita maelezo. Mwaka ule huo, tarehe 1 Aprili, reli za India zilikuwa zimeongeza muda wa kukata tiketi mapema kutoka siku 60 kwenda siku 120. Maana yake mtu aliyetaka kusafiri Juni au Julai aliikata tiketi Aprili, akaitunza, akajipangia. India tiketi ya treni ndefu sio kitu cha kukurupuka, watu wanaingia orodha ya kusubiri wakiomba Mungu wengine waahirishe. Sasa treni yako ikifutwa wiki hiyo hiyo hela unarudishiwa yote, aliyekata kwa mtandao inarudi kwenye akaunti, aliyekata dirishani apange foleni dirishani, lakini nafasi nani anakurudishia? Treni iliyobaki ilishajaa tangu Aprili. Ni likizo ya shule inaisha, familia zinarudi mijini, vijana wanaenda kuripoti vyuoni, vibarua wa Bihar na Uttar Pradesh wanatoka au wanarudi Mumbai. Na kwa Waislamu ndo kabisa, Ramadhani ya mwaka ule ilianza siku mbili baada ya moto na Idi ikawa 18 Julai, mwezi mzima ukaingia ndani ya zile siku 35, mfungo wote na safari ya kwenda kula Idi nyumbani.

Sasa mtu anauliza, siku 35 kwa ajili ya chumba? Jengo linajengwa wiki, rilei zipo, si wafunge waya tu.

Hapo ndo penye utamu. Kufunga waya sio kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba waya zimefungwa sawa. Kila njia inayowezekana kwenye yadi inajaribiwa, na haijaribiwi kuona kama inafanya kazi tu, inajaribiwa kuona kama inakataa inapotakiwa kukataa. Unaweka njia ya kwanza halafu unajaribu kuweka kila njia inayogombana nayo, moja moja, na kila moja lazima ikatae. Unasogeza pointi kwenye paneli huku mtu yuko chini kule anakuambia kwa simu pointi iliyosogea ni hii kweli au ni ya jirani. Unazima kipande cha reli unaona kama taa sahihi imerudi nyekundu. Mtambo wa ukubwa huo kwa kawaida ni mradi wa miezi mingi, wao wakaukamilisha kwa wiki tano, na ukisikia viongozi wa reli wakati huo wakijisifu kuhusu rekodi basi mimi naona walistahili, ingawa abiria aliyekosa harusi ya dada yake hawezi kukuelewa.

Waziri wa reli alikuwa Suresh Prabhu na sina shaka presha ilikuwa kubwa, kila siku inayopita ni hasara, makaa ya mawe yanachelewa, magazeti yanapiga kelele. Kishawishi cha kusema "washeni tu, tutamalizia vipimo baadae" kinakuwepo kwenye kila kazi ya ufundi duniani. Sote tumeshaona fundi anayeunganisha umeme bila kupima akisema usijali bosi.

Kuelewa kishawishi hicho kinafikisha wapi, toka Itarsi nenda Odisha, miaka minane mbele. Ijumaa jioni 2 Juni 2023, stesheni ndogo ya Bahanaga Bazar, wilaya ya Balasore. Coromandel Express inakuja kwa kasi, dereva ana kijani ya kupita njia kuu, kila kitu kiko sawa kwa macho yake. Kumbe pointi imekaa upande wa njia ya pembeni, ambako treni ya mizigo iliyobeba madini ya chuma imesimama. Treni ikaingia mle kwa kasi ile ile, mabehewa yakatawanyika yakaigonga na treni nyingine iliyokuwa ikipita upande wa pili, wakafa watu zaidi ya 290. Uchunguzi wa kamishna wa usalama wa reli ulikuta kwamba watu walifanya kazi kwenye waya za signali, kwenye geti la makutano ya barabara na reli jirani na stesheni, saketi ikabadilishwa kimakosa, na huko nyuma kulikuwa na michoro na lebo ambazo hazikulingana na waya zenyewe. Mtambo ukawa unaambiwa pointi imekaa njia kuu wakati haijakaa. Zaidi ya hapo, tukio la kufanana na hilo lilikuwa limeshatokea Mei 2022 kwenye ukanda ule ule wa reli na kama lingefanyiwa kazi ipasavyo pengine ya Bahanaga yasingetokea.

Ziweke pamoja. Itarsi mtambo uliungua wote ukawa majivu, treni zikasimama. Bahanaga mtambo ulikuwa mzima, una umeme, taa zinawaka vizuri, sema waya chache zilikuwa zinasema uongo. Mimi ukiniambia nichague kukaa ndani ya treni ipi sifikirii hata sekunde.

Ila sitaki nionekane nawatetea sana wa Itarsi, maana kuna kosa pale na ni kubwa, na sio la moto. Ni kwamba fundo lenyewe halikuwa na pa kuzungukia. Ukitaka kutoka kaskazini kwenda kusini bila kugusa Itarsi, magharibi unaenda kuzunguka upande wa Ratlam mpaka Gujarat ndo ushuke, mashariki unapita Katni mpaka Bilaspur ndo urudi Nagpur, ni mizunguko ya kukulia nusu siku au zaidi na reli za huko nazo zilikuwa zimeshajaa treni zake. Kwenye ramani utaona kulikuwa na njia fupi nzuri kabisa, Jabalpur kushuka Gondia, inapita msituni kule Satpura, ungeangalia ungesema hii hapa si wapitishe huku? Shida ni kwamba Juni 2015 sehemu kubwa ya njia hiyo bado ilikuwa ya geji nyembamba, upana wa milimita 762, treni ndogo zile za zamani zinazokwenda polepole, wakati treni kubwa za India zinatembea kwenye geji ya milimita 1,676. Hata behewa moja lisingepita. Mpango wa kuipanua ulikuwepo kwa miaka, unasogea kidogo unasimama. Yaani dawa ilikuwepo kabatini ila bado haijafunguliwa.

Na kosa la pili ni kuweka kila kitu kwenye chumba kimoja. Kwa fundi inaeleweka, rilei zikikaa pamoja waya zinakuwa fupi, matengenezo rahisi, mtu mmoja anaona yadi yote kwenye meza moja. Mitambo mipya ya kompyuta inaweza kugawanywa, kipande huku kipande kule, vikiwa na pacha wake anayesubiri kama mmoja akizimika. Kwa mtambo wa rilei pacha maana yake ujenge jengo la pili lenye maelfu yale yale ya rilei na waya zile zile, na ukimpelekea mtu wa fedha bajeti ya namna hiyo, ya kitu ambacho ukibahatika hutakitumia hata siku moja, anakufukuza ofisini.

Watu ninaowafikiria zaidi kwenye kisa hiki lakini ni wale wa pointi. Hakuna aliyewaandika majina na sidhani kama kuna aliyewapiga picha ya maana. Kwa wiki tano, joto na baadae mvua, mchana na usiku, mtu anatembea juu ya kokoto na hendeli begani, anazungusha, anabana, anafunga kufuli, anavuta kuhakikisha, anatoa namba, anasubiri treni ya tani elfu kadhaa ipite mita moja kutoka alipo, anafungua. Paneli ingefanya hivyo kwa kubonyeza vitufe viwili. Ukikosea kufuli moja kati ya maelfu uliyofunga ndani ya siku hizo hakuna rilei ya kukukatalia, umebaki wewe na macho yako.

Tarehe 22 Julai ikafika, paneli mpya ikawashwa, kufuli zikakusanywa, treni zikaanza kurudi kwenye ratiba. Ile njia ya Jabalpur kwenda Gondia nayo sehemu yake ya geji nyembamba ilifungwa Oktoba ya mwaka huo huo wa 2015, reli ikang'olewa, na miaka mitano hivi baadae kazi ya geji pana ikakamilika. Siku hizi kuna treni za kwenda kusini zinazopita msituni kule bila kuiona Itarsi kabisa.